Mafiga Ndani ya Basi

Juzi mjukuu wangu alinisukumia simu yake puani niwaone kijana mmoja na mkewe waliohamia ndani ya basi kuukuu. Wamelitia kitanda na sinki, wameweka sola juu ya paa, na watu chungu nzima wanawasifu kwa ujasiri wao. "Nyanya, wewe ungeweza?" akaniuliza. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mimi nililelewa humo, tena bila mapambo yote hayo. Nawe rafiki yangu, kwa kuwa umeshakaa, hebu nikueleze.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mchanga, na mashamba ya wazungu kule Nyansiongo yalikuwa yakikatwakatwa yagawiwe wananchi. Baba alikuwa fundi wa magari pale Keumbu, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Amri ilikuwa subiri, na usijenge. Ukikutwa umesimamisha hata nguzo moja kabla ya kupata barua, jina linafutwa. Lakini kulikuwa na uvumi pia, kwamba asiyeonekana karibu siku ya kugawa atasahauliwa. Sasa mtu akae wapi bila kujenga? Baba akakumbuka basi lililolala nyuma ya gereji, injini imeng'olewa, kuku wanatagia ndani. Mwenye basi alimwambia alichukue tu, amwondolee uchafu. Likavutwa kwa trekta hadi Nyansiongo, likaegeshwa kwenye mteremko, nasi tukaingia.

Baba aling'oa viti vyote ila kile kirefu cha nyuma, ambacho kilikuwa kitanda chake na Mama. Mbao zikawa meza na rafu. Kwenye ukingo wa paa alifunga mfereji wa bati, maji ya mvua yakawa yanaingia kwenye pipa, na mvua ya kule haikuhitaji kubembelezwa. Juu kwenye keria Mama alianika pareto, harufu yake kali ikatushukia mchana kutwa. Asubuhi vioo vilijaa ukungu, nami nikachora ng'ombe kwa kidole kabla ya kutumwa maziwa. Siku ya Sabato Mama alijitazama kwenye kioo cha dereva akifunga kitambaa. Shuleni waliniita binti wa kondakta, na wala sikukasirika. Niliona raha tupu.

Kisha Mama akajifungua, na Nyanya, mamake Baba, akaja kutoka Nyacheki kumsaidia. Baba alikuwa kitinda mimba wake, na kwetu mama huzeekea kwa kitinda mimba, kwa hivyo alikuja na vitu vyake vyote: chungu, jembe, ungo, mafiga yake matatu na mbegu za saga, ile mboga chungu ya kwetu, zilizofungwa kwenye kitambaa. Alilizunguka basi, akayatazama magurudumu, akaketi nje. Alisema hawezi kupika mahali ambapo mafiga hayagusi udongo. Moto juu ya bati, alisema, ni moto wa watu wanaopita.

Siku mbili alipika na kula nje, akaingia kulala tu, uso ameelekeza mlangoni. Siku ya tatu Baba akachukua patasi na nyundo akatoboa sakafu nyuma ya kiti cha dereva, tundu la ukubwa wa ungo. Chini yake akajaza udongo, akaushindilia, ukapanda mpaka ukalingana na sakafu. Nyanya akayapanda mafiga juu yake kwa mikono yake mwenyewe, akawasha moto, akatupikia ugali wa wimbi na saga zilizolala kwenye maziwa hadi uchungu ukaisha. "Sasa naweza kuzeekea hapa," akasema. Kuanzia hapo nililala ubavuni pake karibu na majivu ya moto, na sijawahi kulala vizuri hivyo tena maishani.

Alhamisi moja akaja afisa wa mashamba, kijana mwenye suruali iliyonyoka kwa pasi. Alichungulia ndani, akaona moto, akainama akaona udongo chini ya basi.

"Mzee, hii ni nini?"

Baba akavua kofia. "Ni gari, bwana. Nimeliegesha tu."

"Gari lina jikoni?"

Afisa akasema atarudi Jumatatu asubuhi. Kama ni gari, alione likienda. Kama haliendi basi ni nyumba, na jina la Baba litafutwa siku hiyohiyo.

Mama alikosa hamu ya chakula tangu saa ile, na maziwa ya mtoto yakapungua. Ijumaa Baba alikuwa chini ya basi na jeki, akiinua magurudumu yaliyozama, mpaka jua likatua na Sabato ikaingia, naye akalazimika kuweka spana chini. Kesho yake kanisani mhubiri alifundisha juu ya pumziko. Mimi niliangalia goti la Baba likitikisika kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Jumapili alijaza upepo kwa pampu ya mkono. Gurudumu moja likavuja, akaliziba, likavuja tena. Jirani yetu, mkulima wa mahindi, alikubali kutuazima maksai wake wanne.

Ikabaki shughuli ya udongo, maana basi lilikuwa limeshikwa nao.

"Mama, ni siku moja tu," Baba alimwambia Nyanya. "Afisa akiondoka nayarudisha mafiga palepale."

"Mafiga ya mwanamke hayang'olewi akiwa hai," alisema Nyanya.

"Tukifukuzwa utayaweka wapi?"

Baba akaingia chini ya basi na jembe, tukamsikia akichimba na kuhema. Udongo ukaporomoka, figa la kwanza likazama, kisha la pili. Nyanya aliingiza mkono kwenye majivu ya moto akayaokoa moja moja, akayapanga kwenye ungo. Vidole vilimbabuka. Niliogopa sana kumtazama.

Jumatatu afisa alifika mapema. Wengine wote walikuwa chini ila Baba kwenye usukani na Nyanya, aliyeketi kando ya tundu, ungo mapajani. Nilitumwa nikamshushe. "Sishuki nyumbani kwangu," aliniambia, basi nikaketi naye. Jirani akapiga mluzi, mnyororo ukakaza, maksai wakainamisha shingo. Basi likalia tu, halikwenda. Wakajaribu mara ya pili, maksai mmoja akapiga magoti. Afisa akafungua daftari. Mama, mtoto mgongoni, alifumba macho na midomo yake ilikuwa ikienda mbio katika sala.

Mara ya tatu tulitikisika, na kupitia lile tundu nikaona nyasi zinapita.

Zilipita polepole, kisha haraka, kwa sababu mteremko ulikuwa umetushika. Jirani akawachapa maksai wakimbilie pembeni, mnyororo ukafyatuka, Baba akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili na haikushika. Alikata kona akagonga ukingo wa udongo, tukasimama kwa kishindo. Yote yalikuwa ya muda mfupi tu. Lakini nyasi zilipokuwa zikipita chini yetu, mimi nilipiga makofi. Nilifurahi kupita kiasi. "Nyanya, linaenda," nilimwambia. "Sasa tunaweza kuhama tukaenda popote."

Alinitazama. "Kumbe hata wewe," akasema.

Afisa aliandika "gari" na akaenda zake. Mama alilia, jirani akacheka, Baba akaketi kwenye nyasi kama aliyepigwa. Kabla ya jioni alikuwa ameshalirudisha basi kwa msaada wa maksai, akaujenga upya udongo mpaka ukalingana na sakafu. Nyanya hakuyatoa mafiga kwenye ungo.

Asubuhi alimwambia Baba bila hasira, "Yule mtu ameandika kwamba hapa hakuna nyumba, na mimi nimeona kwa macho yangu. Nirudishe kwa kaka yako." Baba alimsihi, Mama akapiga magoti. Alikuwa ameshafunga mzigo.

Barua ilikuja baada ya miaka miwili. Baba alijenga nyumba ya mawe, akalikatakata basi na kuliuza kama vyuma, akaenda Nyacheki kumchukua mama yake. Alikuja. Aliizunguka nyumba, akaweka viganja vyote viwili ukutani akausukuma kwa nguvu zake zote za uzee, na Baba amesimama pale anatazama. "Hii ni nyumba," akasema. Akala, akatushukuru, akarudi kwa baba mkubwa kabla ya jioni, maana mafiga yake yalikuwa yameshapandwa kule. Huko ndiko alikozikwa.

Baba alizeeka akijilaumu. Kila mazungumzo yalipofika kwa mama yake, alisema alimfukuza kwa jembe lake mwenyewe, kwa ajili ya ekari chache. Alisema hivyo hata kwenye kitanda alichofia, nami nimemshika mkono. Nilijua ni maneno gani Nyanya aliambiwa ndani ya basi, na nani aliyeyasema. Sikumwambia.