Wanataka Kunishona Mlango wa Kizazi, Mume Wangu Amekataa

Admin, naomba ufiche jina langu, maana Wakenya wa huku Birmingham tunajuana, na hata watu wa kwetu Narok wako humu ndani. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, Mmaasai. Naishi mtaa wa Castle Vale na mume wangu na nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Nasema mama, ingawa ukija kwangu hutakuta mtoto. Nina mimba inayoingia mwezi wa tano, na Alhamisi inayokuja ndiyo imenifanya niandike.

Mimba ya kwanza haikufika miezi sita. Kiuno kiliniuma tangu asubuhi, na chini nikahisi kitu kizito kinasukuma. Nikapiga simu wodi ya wazazi. Dada aliyepokea akauliza kama natoka damu, nikasema hapana. Akasema ni mwili unatanuka tu, nimeze dawa ya maumivu nipumzike. Nilijua si hivyo, lakini mimi nikiwa na hofu Kiingereza kinaniishia mdomoni. Mume wangu akasema, "Usipige tena, wataona tunawasumbua." Maumivu yalipozidi tukaenda wenyewe, na tulipofika hospitali mtoto alikuwa tayari anatoka. Alikuwa wa kiume, ngozi nyembamba hadi unaona mishipa, na alinishika kidole. Wakamweka kwenye mashine. Alikaa nasi kidogo tu, halafu kengele ya ile mashine ikaanza kulia, ikalia, ikalia, hadi nesi alipoizima kwa mkono wake.

Tulimzika hapa hapa. Kwetu aliyekufa jina lake halitajwi tena, na mume wangu amelishika hilo kabisa. Hajawahi kurudi makaburini. Nguo za mtoto alizipeleka anakojua yeye. Nikijisahau nikamtaja, anatoka chumbani. Basi nikabaki na mtoto wangu moyoni, peke yangu. Kazini kuna bibi mmoja ambaye kitanda chake kina kengele ya kutuarifu akiamka. Ikilia tu, najikuta nimesimama kwenye koridoo, mikono imekunjwa kifuani kama nimebeba, na nahisi maziwa yanashuka ingawa hakuna maziwa. Kwenye basi mtoto mchanga akilia nashuka, hata kama si kituo changu, natembea kwa miguu hadi nyumbani.

Safari hii nimepata mkunga mtu mzima, mwenye subira. Aliniuliza yote ya mara ya kwanza, kisha akauliza mtoto aliitwa nani. Nikalitaja jina, nikalia hadi nikachoka. Skani ikaonyesha mlango wa kizazi umeanza kuwa mfupi. Wanataka kuushona kwa uzi Alhamisi hiyo, waje waufungue mtoto akishakomaa. Daktari hakuniahidi kitu. Alisema wazi kwamba mara chache kule kushona kwenyewe kunaweza kuchokoza mimba ikatoka, lakini kwa hali yangu yeye angeshona.

Mume wangu alisikia hilo la kuchokoza tu. "Wakikushona akatoka, tutakuwa tumemtoa sisi wenyewe," akasema. "Rudi nyumbani Kenya na mama, ukakae na watu wako." Mama yake, ambaye namwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, amekuja kunisaidia. Mwanzoni nilimwogopa. Alikuwa akinipunguzia chakula, kwa sababu wazee wetu wanaamini mjamzito akila sana mtoto atakuwa mkubwa amshinde kuzaa. Nikawa nakula kazini, kwa kujificha.

Wiki iliyopita, mume wangu akiwa kazini, Yeyo akasema tuende wote kliniki. Mkunga akawa anaongea, mimi namtafsiria Yeyo kwa Kimaasai. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Huo uzi unamshika mtoto?"

"Hapana, unamshikia mama mlango," mkunga akasema. "Na tafadhali, chakula asipunguziwe."

Yeyo akanigeukia. Kisha akaniambia, "Muulize. Wale wangu wawili waliotoka mapema, uzi ungewashika?"

Sikuwahi kujua kulikuwa na wawili. Hata mume wangu hajui. Nilitafsiri neno kwa neno. Mkunga akasogeza kiti, akamshika mkono. "Mwambie sijui. Pengine. Lakini mwambie si yeye aliyewatoa." Nilipomwambia, Yeyo alijifunika uso kwa shuka lake pale pale, na hatukuondoka haraka.

Jioni alinipakulia sahani imejaa, akakaa kunitazama hadi nikamaliza. Mume wangu akaingia, akaanza habari za safari. Yeyo akamkatiza: "Hatuendi popote. Atashonwa."

Sijawahi kumsikia mume wangu akimjibu mama yake vile. "Mama, wewe hukuwepo! Hukumwona alivyokuwa akitafuta hewa!" Akatoka nje, na kupitia dirishani nikaona mabega yake yanatetemeka. Kumbe naye anamwona kila siku, kama mimi. Tangu hapo haongei sana. Asubuhi ananiletea chai, ananiwekea mkono tumboni, anaenda kazini. Amesema neno moja tu: nikienda kushonwa hatakuja, hana nguvu za kuingia tena wodi ile. Na nikishonwa ikaharibika, nisimtafute.

Yeyo yuko tayari kunisindikiza. Lakini jamani, naogopa. Nikishonwa mimba ikatoka, nitapoteza mtoto na mume kwa pamoja. Nikikaa bila kushonwa, kila kiuno kikiuma nitajua ninachongoja. Kina mama mliowahi kushonwa, ilikuwaje? Na wanaume mliozika watoto wadogo, mwenzenu huyu nimwambie nini anielewe? Niende bila yeye, ama nimbembeleze hadi siku ya mwisho? Nishaurini kabla ya Alhamisi, na naombeni msinitukane. Leo nikiwa naandika haya, mtoto ameanza kucheza tumboni.