Koo za Kuvu wa Bibi

Bibi yangu hajui kurudi kutoka ugenini mikono mitupu. Akienda msibani Kaliua, arusini Igunga, hata kumjulia hali mgonjwa kule Tura, atarudi na fungu la marando kwapani, yale mashina ya viazi vitamu ya kupandia. Kama mgonjwa kapona au hajapona utaambiwa baadaye. Kwanza uje uone marando.

Mwaka huu majani yaliingia madoa ya kahawia, mashina yakanyauka, shambani kwetu na kwa jirani yetu, mzee wa Kigogo aliyestaafu reli. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu misafara ya wapagazi wetu ilipokatiza kwao kwenda pwani, kwa hiyo hakuna aliyelia. Walitukanana. Kila mmoja akadai ugonjwa umetoka kwa mwenzake, wakawekeana jogoo: atakayebainika kuuleta, anachinja wake.

Kimyakimya mimi nilikuwa upande wa Mgogo. Jogoo wa bibi huwika dirishani kwangu kabla hata mwadhini hajaamka.

Akaja dada mmoja mtafiti, kukusanya majani yenye madoa akapime vinasaba vya kuvu anayeyaua. Akamwamkia bibi, akauliza ugonjwa ulianzia wapi. Bibi, uso mkavu, akamjibu kwamba umetembea kwa miguu kutoka Ugogo, ukiomba chakula njiani. Dada akaandika. Akauliza ulifika mwaka gani. Ningemweleza kuwa huo ni utani, ila mdomo wangu ulikuwa umejaa michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa, na nilipoimeza ukajaa kicheko.

Aliporudi na majibu tulikaa uani. Akatueleza kwamba kuvu nao wana koo kama watu, na shamba lililopokea wageni kutoka kila upande hukutwa na koo nyingi. La mzee lina ukoo mmoja tu. La bibi lina koo chungu nzima, na ule mmoja wa mzee umo humohumo.

Mzee akavua kofia, akaiweka gotini. "Mtani, mimi marando huwa naomba kwa nani?"

"Kwangu."

"Na wewe?"

Bibi akakohoa. Mimi nikainuka kwenda kunoa kisu.

"Mume wangu, hebu kaa," akaniambia, maana ndivyo bibi anavyomwita mjukuu wake wa kiume. Akamgeukia mtafiti. "Kwa hiyo kuvu wangu ni wa ukoo mkubwa, wa huyu ni yatima?"

Dada akakubali, kwa shingo upande, kisha akasisitiza kwamba mashamba yote mawili yang'olewe, mabaki yachomwe, na msimu ujao wapande marando safi tu.

Jogoo akachinjwa, dada akabakizwa ale. Mzee, mshindi, akanyoosha mkono kwenye firigisi. Bibi akamwahi.

"Hii huliwa na mwenye ukoo."

Akaitafuna taratibu huku akimkodolea macho, na mzee akacheka mpaka mchuzi ukamwagika kwenye kanzu.