Mpiga Picha Anayengoja Mnara

Alikuja peke yake, na gari lililotapakaa matope hadi madirishani, akiifuata minara ya taa mmoja baada ya mwingine kwenye pwani hii ya Maine, Marekani. Verna, muuza supu ya chaza pale maegeshoni, hakumuuliza jina. Aliitazama mikono ya mgeni tu. Kila ukungu ulipoilowesha kamera, mgeni aliifuta lenzi kwa ncha ya shati la kiume lililompwaya, taratibu kama anayemfuta mtoto pua, kisha akarudi kusimama, kamera imeukodolea weupe mtupu wa ukungu uliouficha mnara.

"Dada, nunua kadi ya picha dukani ujiendee zako," alimtania Merle, mvuvi wa kambakoche, kikombe cha kahawa mkononi. "Mnara ni uleule."

"Wa kwenye kadi aliufuata mtu mwingine. Mimi nataka wangu."

Merle alicheka hadi kahawa ikampalia. Halafu akachomoa redio yake ya mashua, akaibofya mara tano, kama wavuvi wafanyavyo kuiamsha honi ya mnara siku za ukungu. Honi ikanguruma, lakini kushoto kabisa, mbali na kamera ilikoelekea.

"Lo! Kumbe tangu asubuhi unaipiga picha bahari!" Verna alishindwa kujizuia.

Mgeni hakuona haya. Aliinyanyua kamera pamoja na stendi yake ya miguu mitatu, akaigeuza, akafuta lenzi, akasimama tena.

"Na bado huoni kitu," Merle alisema.

"Sioni. Lakini sasa najua pa kutazama."

Verna, aliyekuwa ameanza kufunga kibanda, akaliwasha jiko upya, ampashie mgeni supu.