Gauni la Mwili Ambao Haupo

Mimi ni fundi cherehani, na jicho langu silitilii shaka. Mteja akisimama mlangoni, kabla hatujasalimiana, nimeshajua kiuno chake na bega lipi limelala. Nikichukua tepu ni kwa heshima tu, asije akadhani namkisia. Hapa Sumbawanga miezi ya baridi wanawake huja wamevaa sweta juu ya sweta na kitenge juu ya yote, na bado sikosei kwa zaidi ya inchi moja.

Kazi ilianza kunichafukia simu zilipopata kamera ya mbele. Zamani mteja alikuja na picha ya mwanamke mwingine aliyoikata kwenye kalenda, akasema, "Fundi, nataka kama hili." Nililishona gauni la yule kwa mwili wa huyu, tukaelewana. Siku hizi anakuja na picha yake mwenyewe. Amejipiga selfi, kiuno amekivuta, mashavu ameyapunguza, na anataka nguo imkae kama inavyomkaa kwenye simu. Nguo ikikamilika anajitazama kwenye kioo, anaitazama simu, halafu ananitazama mimi vibaya. Nimegombana na wateja wa mitaa ya Izia na Kasense kwa kosa ambalo si langu. Anayenipa raha ni mama mmoja wa Kisukuma, ambaye familia yake ilihamia huku na ng'ombe wao. Yeye husema, "Fundi, usinibane, mimi nakula," na hajawahi kurudisha nguo.

Sitajifanya mtakatifu. Mimi pia nikijipiga huinua mkono juu ili kidevu cha pili kipotee, na picha hiyo ndiyo ninayoiweka kwenye stetasi.

Mdogo wangu wa mwisho ni mwalimu wa shule ya msingi, upande wa Kaengesa. Namzidi miaka kumi na minne. Alipochumbiwa, hapakuwa na mjadala kwamba gauni la sendofu, sherehe ya kumwaga nyumbani kabla ya harusi, nitalishona mimi. Alikuja Jumamosi moja ya mwezi wa saba, upepo ukitikisa mabati, akaniamkia, akaweka mezani kitambaa cha rangi ya dhahabu. Niliponyoosha mkono kuchukua tepu akanizuia.

"Usinipime, dada. Shona kwa kufuata hii."

Akanipa simu. Alikuwa amejipiga kwenye kioo nyumbani kwa mama, mlango wa sebuleni ukiwa nyuma yake. Kiuno kilikuwa chembamba, hipsi zimejaa huku na huku. Fremu ya mlango nayo ilikuwa imebonyea usawa wa kiuno chake. Mlango ule aliuweka marehemu baba, na haujapinda hadi leo.

"Umeediti," nikamwambia. "Mpaka mlango wa mama umeupa kiuno."

Hakucheka. "Ndivyo nitakavyokuwa," alisema, kisha akanieleza. Alikuwa amewapata madaktari Dar es Salaam wanaotoa mafuta tumboni na kuyaweka kwenye hipsi. Walishampangia siku, Jumanne moja ya mwezi wa tisa, shule zikiwa zimefunga kidogo. Sendofu ingekuwa Desemba, vidonda vimepona. "Nataka gauni linikute niko tayari."

Huyu nilimbeba mgongoni. Mwili mzima ule, hauumwi popote, ukalale chini ya kisu kwa sababu ya simu! Niliogopa, na mimi nikiogopa hukasirika, na nikikasirika hushika mkasi. Nikatoa amerikani, kitambaa rahisi ninachotumia kwa majaribio. Nikaipima picha kwa rula, urefu na kiuno, nikazidisha hadi kufikia kimo chake halisi, nikakisia mzunguko. Kiuno kilitoka inchi kumi na tisa. Nikakata na kushona papo hapo huku yeye akinitazama.

"Haya, vaa."

Zipu iligoma chini ya mbavu. Hapo chini, pande mbili za hipsi zilining'inia tupu, ungeweza kutia debe la ulezi kila upande. Nilicheka kwa ushindi, nakiri. Nilikuwa na uhakika kwamba nimemaliza mambo.

"Unaona? Mwili huo haupo. Hata hao madaktari hawana mbavu za hivyo za kukupa. Hiyo simu inakudanganya."

"Si simu," alisema.

Alilivua taratibu, akavaa sweta lake, akaenda kwenye rafu ya madaftari. Mimi situpi daftari la vipimo hata moja. Akapekua hadi akalipata la mwaka wake wa Kipaimara. Enzi hizo, kila Jumamosi, yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wangu: mimi napima na kutaja, yeye anaandika. Akafungua ukurasa wenye jina lake, kwa mwandiko wake wa kitoto, akanisogezea. Kifua, ishirini na nane. Kiuno, ishirini na nne. Hipsi, hakuna.

"Ulitaja hivyo, nikaandika hivyo," alisema. "Wateja walikuwa wamejaa hapa. Ukaniambia nisijali, utaweka sponji, kasoro haitaonekana hata Baba Askofu akinisogelea. Wote wakacheka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, dada. Simu nimekuja kuinunua nikiwa mwalimu."

Nilikuwa nimelisahau jambo hilo kabisa. Nilitaka kusema ulikuwa utani, lakini nikageuza kurasa na kuwakuta wengine: tumbo, kubwa; shingo, hakuna; hipsi, hakuna tena. Kasoro nitaificha, hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu mjini, na wateja walinishukuru kwa kuwaonyesha kasoro ambazo walikuwa hawajaziona. Hipsi ni kipimo cha kuzunguka. Hata nguzo ya umeme ukiizungushia tepu utapata namba. Tepu haijawahi kumwambia mtu hakuna. Neno hilo nililisema mimi.

Niliona aibu. Mimi si mwepesi wa kuomba radhi, hasa kwa mtu anayeniamkia. Siku hiyo niliomba.

"Nilikukosea, mdogo wangu. Namba yako ilikuwepo. Sikuisoma, nikakucheka."

Alilia, nami nikalia, na mteja aliyekuwa anaingia akageuza njia. Alipoondoka hakusema lolote kuhusu ile Jumanne, wala sikumwambia asiende. Nilishauamulia mwili wake mara moja, nikaona inatosha. Lakini wiki mbili zilizofuata sikulala vizuri, na kila simu ilipolia nilidhani ni yeye, ananiaga.

Hakupiga. Alikuja mwenyewe, akasimama katikati ya duka na kuvua sweta.

"Nipime. Ila tepu naisoma mimi, wewe uandike."

Nikamzungushia hipsini. Akainama kuisoma, akasoma tena kuhakikisha. "Thelathini na sita na nusu," alisema, na mimi nikaandika thelathini na sita. Alikuwa ananichungulia begani.

"Na nusu, dada. Usiniibie."

Nikaiandika nusu yake. Nilikata kitambaa cha dhahabu jioni ileile kwa kufuata namba alizonisomea, sikuongeza wala kupunguza. Safari ya Dar sikumuuliza, naye hakuitaja.

Jumanne aliyopangiwa ilipofika, saa nne asubuhi, alikuwa amesimama juu ya kiti dukani kwangu, gauni likiwa mwilini, akinifokea kwamba pindo limepanda upande wa kushoto. Nikamwambia jicho langu halikosei. Akaniambia nipime. Nikapiga magoti, nikapima, na lilikuwa limepanda kweli.