Mikanda ya Mjomba Sefu na Wale Ndugu Wawili

Sisi tuliokulia Nguvumali, hapa Tanga, enzi za deki na mikanda ya video tulikuwa na mali, jamani. Mali ya kushikika. Mkanda ukiutaka unaunyanyua, unaupuliza vumbi, unautia kwenye deki, na ukimaliza unaurudisha kwenye boksi, boksi linafungiwa kabatini, ufunguo anao Mama kwenye pindo la kanga. Siku hizi watoto wangu wanalipia michezo yao ya kutazama mtandaoni kila mwezi, na mwezi ukiisha hawana hata ganda la kuonyesha. Ukiwauliza wamenunua nini, wanacheka. Wanacheka nini?

Mikanda yetu aliileta Mjomba Sefu, mdogo wake Mama. Mama ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, akampikia, akamchapa, akamsomesha, mpaka akawa baharia kwenye meli za mizigo. Safari moja akarudi na televisheni, deki, na boksi la viatu limejaa mikanda ya mchezo mmoja wa kuchekesha wa Kizungu. Wakati ule huku bara hakukuwa na kituo cha televisheni. Wenye seti Tanga walinasa matangazo ya visiwani, tena kwa kudra, picha chenga tupu. Sisi tukawa na mchezo wetu wenyewe, saa yoyote tuitakayo. Yaani saa aitakayo Mama: Jumapili baada ya sala ya alasiri, miguu imeoshwa, kandambili nje, na kila mtoto na chungwa lake la Muheza. Mbegu ikidondoka kwenye mkeka, deki inazimwa.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kijana mrefu na binti mfupi mwenye mdomo. Wanaishi nyumba moja, ghorofani, na kutwa wanagombana. Nani kamaliza maziwa, nani kaacha bomba wazi. Kiingereza hatukijui, Mama hakijui, majirani waliokuja kutazama hawakijui. Aliyekijua ni Mjomba tu, au ndivyo alivyotuambia, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni akitutafsiria.

"Hawa ni ndugu," alitutangazia siku ya kwanza. "Kaka na dada. Mama yao amefariki, wamebaki peke yao."

"Maskini, wana wa watu," akasema Mama, na tangu siku hiyo mchezo ukaitwa Ndugu Wawili.

Na vile vicheko! Kulikuwa na watu wasioonekana, kila baada ya maneno mawili wanaangua kicheko. Mama akauliza ni kina nani. "Majirani," akasema Mjomba. "Kuta za huko nyembamba, wanasikia kila kitu." Mama hakuwapenda wale majirani hata kidogo. "Watu hawana kazi? Hawapiki?" Sisi watoto tulikuwa tunacheka mara mbili, kwanza na wale majirani bila kujua tunachekea nini, kisha Mjomba akishatafsiri.

Deki nayo ilikuwa na maradhi yake. Kila yule kijana na yule binti walipokaribiana nyuso, Mjomba alikohoa, akasimama, akaziba kioo kwa mwili wake. "Kichwa cha deki kimechafuka," anasema, pamba yenye spiriti ishakuwa mkononi. Anapapasa wee, majirani wa ukutani wanapiga makofi, na akija kukaa wale ndugu kila mmoja yuko chumba chake. Hatukushangaa. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, vichwa vya deki vilikuwa vinachafuka kweli.

Kwenye mkanda wa mwisho binti kavaa shela, kijana kavaa suti, na padri yuko mbele yao. Mjomba alijikuna kidevu kitambo.

"Anaolewa dada mtu," akasema. "Kaka ndiye anayemsindikiza."

"Na bwana harusi yuko wapi?" akauliza Mama.

"Baharia, dada. Meli haijatia nanga."

Mama akafuta machozi.

Tulilelewa na wale watu wa kwenye mkanda, nasema kweli. Mimi na kaka yangu Bakari tulikuwa hatuivi chungu kimoja, na Mama kila siku neno lake lilikuwa hilohilo: "Wale hawana mama, na jioni wanakula sahani moja. Nyie mama mnaye, mnagombania ukoko?" Basi tunakula, tumenuna. Mpaka leo Bakari akiniudhi, na ananiudhi sana, nawakumbuka wale wawili, napokea simu yake.

Deki ilikufa, mikanda ikaota ukungu, na Mjomba Sefu naye akatangulia mbele za haki. Mama sasa ni mtu wa kitandani, macho yameingia utando, chakula anakionja tu. Mwezi uliopita akaniambia, "Nataka niwaone wale ndugu." Tangu augue hajaniomba kitu kingine.

Ningejua nitakavyohangaika! Vijana wa madukani mjini wananiambia, "Mama, si uingie mtandaoni tu?" Nimeingia, mchezo haupo. Binti yangu Zuhura, yuko kidato cha nne, akasema mbona ulikuwepo, umeondolewa. Umeondolewa na nani? Kitu kimekaa kabatini kwetu utoto wangu wote, hakuna aliyethubutu kukiondoa! Bakari akautafuta huko Dar mpaka akaupata kwenye sidii, seti nzima, boksi zuri. Nikashangilia, kumbe hakuna pa kuzichezea. Kompyuta ya Zuhura haina hata tundu la kuingizia. Deki ya sidii nimeiazima kwa rafiki yangu anayekaa Raskazone, nikarudi kwenye bajaji nimeipakata kama mtoto mchanga.

Tukaijaribu kwanza, mimi na Zuhura. Maneno yote yameandikwa chini ya picha, naye msomaji.

"Mama, mbona mlisema hawa ni ndugu? Hawa ni wapenzi. Wanaishi pamoja hata ndoa hawana."

Nilipofika sekondari na mimi nilianza kushuku, lakini kusikia hivi, kavukavu, niliizima deki. Mama anamalizia siku zake za mwisho, leo aje ajue kwamba Sefu wake, aliyemlea kwa mikono yake, alikaa pale kigodani akimdanganya? Na marehemu hayupo hata ajitetee. Nikamwambia Zuhura, "Jumapili Kiingereza chako kiache shuleni."

"Lakini Mama, huo si uongo?"

Astaghfirullah! Watoto hawa wanajua kila kitu ila pa kunyamazia.

Jumapili, baada ya alasiri, nikamkalisha Mama kwa mito, nikammenyea chungwa. Zuhura akakaa kwenye mkeka, kanuna. Nikavuta kigoda pembeni ya televisheni na kazi ikaanza. "Anamwambia, dada, umemaliza maziwa tena... Anamjibu, tangu mama yetu afariki wewe hujanunua hata sukari..." Zuhura anaguna. Mama anatabasamu. Mara wale wawili wakaanza kukaribiana nyuso, na mimi bila kufikiri nikakohoa, nikasimama, nikaziba kioo, nikawa naifuta deki ya watu kwa pindo la kanga.

"Sidii imechafuka, Mama."

"Hebu sogea huko," akasema Mama. "Umenenepa, unaziba kioo chote. Sefu alikuwa mwembamba, nilikuwa naona pembeni."

Nikageuka. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Kaka gani anamshika dada yake kiuno vile? Mimi mtoto?" Akatafuna chungwa lake polepole. "Niliona anavyohangaika asinivunjie heshima, nikamwachia. Tena nikawa nasubiri nisikie leo atasema nini."

"Basi Bibi, nikusomee ya kweli?" akadakia Zuhura.

"Nyamaza wewe. Mama yako anasimulia."

Nilirudi kigodani nikiwa na hasira, sijui hata za nani. Miaka yote ile mtu mzima alitokwa jasho mbele ya televisheni kwa ajili ya heshima ya dada yake, na dada mtu akakaa kimya kwa ajili ya heshima ya mdogo wake, na sisi katikati tunatema mbegu. Leo maneno yote yako chini ya picha, sahihi kabisa, na kila mtu anayasoma peke yake chumbani kwake, nyaya masikioni. Hakuna wa kumkoholea mwenzake. Nikiwaambia haya wanangu wanasema nimezeeka, na labda nimezeeka.

Mama akataka sidii ile ya mwisho. Binti kavaa shela, kijana kavaa suti, padri mbele yao. Mama alikuwa ameshafumba macho.

"Na bwana harusi yuko wapi?" akauliza.

Zuhura alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Nikajibu mimi.

"Baharia, Mama. Meli haijatia nanga."

"Basi tumngoje," akasema Mama, akanyoosha mkono kuutafuta wangu.