Marashi ya Bi Zuweina

Dada yangu Khairiya alikuwa na hofu moja: kupitiwa na usingizi kwenye ndege, avuke mpaka wa kuhirimia bila ya kutia nia ya Umra. Basi Ramadhani hii akatia nia hapa hapa nyumbani, Vitongoji. Nilimwambia anajitia taabuni. Hasikii huyu.

Gari lilipofika, akaingia Bi Zuweina, mama wa mume aliyemwacha. Tangu talaka walikuwa hawasemezani. Mkononi ameshika mrashi wa fedha, amekuja kumrushia marashi msafiri kama tunavyoagana sote.

Khairiya akarudi nyuma. Aliyekwisha kuhirimia hajitii manukato.

"Kumbe hujanisamehe," Bi Zuweina akasema taratibu.

"Si hivyo, mama. Nimeshahirimia."

"Hapa Vitongoji?"

Nani angeamini? Bi Zuweina akageuka aondoke. Khairiya akamkimbilia, akamshika mkono, akaubusu. Mkono ule ulikuwa umelowa marashi.

"Fidya ya kugusa manukato nitaulizia huko huko Makka," akaniambia, midomo yake mikavu ya saumu ikinukia mawaridi.