Kabati la Murhula Kando ya Hita

Saa moja asubuhi, kusini mwa Columbus, Murhula Cubaka anaingia karakanani bila kumsalimu mtu. Anakwenda moja kwa moja kwenye kabati lililosimama kando ya hita, anapitisha kidole kwenye ubao wa mlango, kisha anashusha pumzi.

"Haiyapasuka bado," anasema. "Bon, jambo yenu."

Kabati hilo ndilo mtihani wake. Mwenye karakana, Mzee Henke, ni mjukuu wa maseremala wa Kijerumani, naye ameshikilia desturi ya vyama vyao vya mafundi: mtu huanza mwanagenzi, huwa fundi, na haitwi fundi mkuu mpaka kazi yake ikaguliwe na wakuu watatu. Mzee ameongeza lake: kwanza kazi ikae kando ya hita majira yote ya baridi.

Murhula, seremala wa kutegemewa kule Bukavu, alianza upya kama mwanagenzi akiwa na mvi. Ilimuuma. Kwa mtihani wake wa kwanza aliunda kabati la kupendeza, akalibana kwa gundi kila upande kama alivyozoea. Januari mlango ukapasuka toka juu hadi chini.

"Kwetu hewa iko na maji mwaka muzima," ananiambia, mimi niliyekuja kuandika habari zake. "Unaweka kole, inashika, basi. Huku hita inakausha mbao, inakonda. Donc, nilikosa. Nililia, sikufichi."

Safari hii ubao wa mlango umekaa kwenye mfereji uliochongwa ndani ya fremu, bila gundi, uweze kusinyaa na kutanuka upendavyo.

Mzee Henke alimweleza kuwa zamani fundi kijana wa Kijerumani alizunguka miji ya ugenini miaka kadhaa kabla ya kuomba ukuu. Murhula, aliyepitia kambi ya wakimbizi Uganda, kisha Louisville, kisha Buffalo, alicheka mpaka akashika meza.

"Mie nimezunguka kuwapita wote, na hakuna mutu aliniambia eti ni masomo!"

Mzee hamfichi kitu. "Vyama vile visingekupokea," anasema. "Vilipenda watoto wa wenyewe."

Watoto wake yeye hawataki hata kuigusa randa. Mgeni njoo, mwenyeji apone; hapa msemo huo haudanganyi.

Wakaguzi wanakuja Aprili. Murhula akifaulu, atarithi kiti cha Mzee Henke, anayestaafu, katika meza ya wakuu watatu. Namuuliza kama atawauliza mafundi watakaokuja kukaguliwa wametokea wapi.

Anapitisha tena kidole mlangoni.

"Hapana," anasema. "Nitaangalia kazi."